Kuvuta gari bovu barabara kuu: taa za muda za nyuma, uchague zipi na uzibane vipi zisikuachie njiani

Wakuu habari za mihangaiko. Leo niongelee kitu ambacho watu wanakikumbuka kamba ikishafungwa na gari ya mbele imeshawashwa, yaani taa za nyuma za ile gari inayovutwa. Kamba watu wataihangaikia, mtu wa kukaa kwenye usukani wa gari bovu watamtafuta, ila ikifika kwenye taa utasikia "washa tu hazadi twende", yaani indiketa zote ziwake kwa pamoja. Sasa kama unatoka Kimara unaenda Mbezi saa nne asubuhi sawa, lakini gari ikikufia Chalinze na fundi wako yuko Dar, hiyo ni barabara ya Morogoro, kuna malori ya Zambia na Congo, kuna mabasi, na tangu 2023 mabasi ya mikoani yaliporuhusiwa tena kutembea usiku hakuna ule muda wa kusema barabara imepumzika.

Piga hesabu kidogo uone kwanini nalisema hili. Basi linatembea 80 kwa saa, we unavutwa 40. Tofauti ni 40, ambayo ni kama mita 11 kila sekunde. Usiku dereva akiwa kwenye taa za chini, hajapiga fulu, kitu kisicho na taa anakiona kikiwa labda mita 40 au 50 mbele yake, kwahiyo ana kama sekunde nne za kukuona, kuelewa kwamba unatambaa, kuangalia kama kulia kuna anayekuja, na kuamua. Hazitoshi. Taa nyekundu inayowaka vizuri anaiona toka mbali sana na hesabu yote inabadilika.

Na kitu cha kuelewa kabla hujaenda dukani, ukishafunga gari mbili pamoja anayekuja nyuma haoni kabisa taa za gari ya mbele, zimezibwa na gari bovu. Kwahiyo taa za muda sio pambo la kumridhisha trafiki, kazi yake ni kumwambia mtu wa nyuma kile anachofanya dereva wa mbele, akikanyaga breki iwake breki, akiweka kulia iwake kulia. Taa yoyote utakayonunua au kutengeneza ipime kwa hicho, mengine ni maneno ya muuzaji.

Kamba au chuma? Jibu hili kwanza

Kama unavuta kwa kamba, usipitishe waya wa umeme toka gari ya mbele kwenda ya nyuma. Najua watu wanafanya, wanauzungushia kwenye kamba wanapiga tepu safari inaanza. Lakini kamba kila saa inakaza na kulegea, ukipunguza mwendo kwenye tuta kamba inalala chini na waya unalala nayo, tairi la mbele la gari bovu linaupanda, ukivuta tena ama umekatika ama umeng'oa soketi nzima kwenye bampa, na wewe uliye mbele hujui, unaendelea kuweka indiketa unadhani watu wanaona.

Kwenye kamba taa za nyuma zijitegemee. Kama betri ya gari bovu ni nzima na taa zake ni nzima basi tumia hizo hizo, hakuna haja ya kununua chochote, washa taa za paki, na yule aliyekaa kwenye usukani ndo atakanyaga breki na ndo ataweka indiketa kufuatisha gari ya mbele. Switchi iwe ON, sio tu kwa sababu ya stelingi isijifunge, indiketa kwenye gari nyingi haziwaki mpaka ufike ON, wakati taa za breki na hazadi zinawaka hata switchi ikiwa imefungwa. Dereva wa mbele aweke indiketa mapema kuliko kawaida yake ili wa nyuma apate muda wa kuiga. Alafu mwambie huyo wa nyuma kabisa, injini ikiwa imezima breki zinakuwa ngumu ukishakanyaga mara mbili tatu, na usukani nao mzito, kwahiyo aanze kugusa pedali mapema, kwanza kamba isilegee, pili taa za breki ziwake kabla gari hazijaanza kupungua mwendo kwa nguvu.

Lakini gari ikiwa imekufa kwa sababu oltaneta imeacha kuchaji, hiyo betri imeshanyonywa, usiitegemee. Taa za paki peke yake ni balbu za wati 5, ukizijumlisha za mbele, nyuma na ya pleti namba hazizidi ampia 2 na kitu, betri nzima ya ampia 35 zile ndogo za IST inazibeba masaa mengi tu. Mlaji ni hazadi, kila balbu wati 21 na ziko nne pamoja na vile vidogo vya ubavuni, zikiwaka ni kama ampia 8 kwa mpigo, na hata ukihesabu kwamba nusu ya muda zimezima bado ni ampia 4. Dawa yake ni kuazima betri nzima, unaibadilisha pale pale, au unaiweka kwenye buti unaibana isihame na unawasha taa za muda toka hapo. Kichwa cha betri cha chanya kifunike, buti la chuma na betri isiyofungwa ni moto huo unaoutafuta.

Kama unavuta kwa chuma, ule mtaimbo wa moja kwa moja au wa umbo la A, hapo umbali wa gari mbili haubadiliki na waya unaweza kupita juu ya chuma bila shida. Hivyo hivyo bredauni inayonyanyua matairi mawili ya mbele. Na kumbuka gari ikinyanyuliwa mbele nyuma inainama, taa zake zenyewe zinaangalia lami, ndo maana hata bredauni wa maana anafunga taa za muda nyuma ya gari ya mteja. (Gari za otomatiki, kwa heshima zote, usizivute mwendo mrefu matairi yanayoendesha yakiwa chini. Gia boksi itakuja na bili yake. Ita bredauni.)

Aina za taa utakazokutana nazo

Kuna ubao wa taa, yaani kipande cha plastiki au bati chenye taa mbili pande mbili, reflekta, na waya mrefu wenye plagi ya pini saba mwishoni. Kuna taa za sumaku, mbili zimeunganishwa kwa waya, unazipachika juu ya bodi. Kuna zisizo na waya, zina betri ndani na kuna kifaa kidogo unachochomeka kwenye soketi ya gari ya mbele kinazitumia taarifa kwa redio. Na kuna ya kujitengenezea, ambayo kwa kweli ndo ya wengi wetu.

Msimamo wangu, kama una chuma cha kuvutia na gari ya mbele ina soketi ya tela, chukua ubao wenye waya. Hauna ujanja wowote lakini unaona mwanzo wa waya unaona mwisho wa waya, ikigoma unajua pa kutafuta. Zisizo na waya ni nzuri sana kwa wanaovuta kwa kamba, hapo naziheshimu, ila zina mambo mawili, betri ya ndani unaikuta imeisha siku unayoihitaji kwasababu zilikaa kwenye stoo toka mwaka jana, na zile za bei ya chini zina kale kachelewesho, unakanyaga breki taa inawaka baada ya muda kidogo. Ukiwa dukani zijaribu mtu mmoja akiwa mbali, sio kwenye kaunta taa zimebanana na kifaa chake, pale zote zinafanya kazi.

Za sumaku watu wanazipenda kwa kuwa ni pacha na twende. Sawa, lakini sumaku inataka chuma. Bampa za gari zetu karibu zote ni plastiki, na Land Rover Defender za zamani bodi ni alumini, sumaku inateleza inaanguka kama haijui kulikoni. Pia nguvu wanayoandika kwenye boksi ni ya kuing'oa moja kwa moja, ya kuiserereshea pembeni ni ndogo zaidi, na barabara yenye mashimo inaiserereshea pembeni sio kuing'oa. Futa vumbi kwanza, weka kwenye sehemu bapa, na usiweke kitambaa kinene chini yake eti kulinda rangi, kila unene unaouongeza unapunguza ushikaji. Na hata ikishika vizuri namna gani, ifunge kamba ya usalama. Hili sibadilishi.

Ya kujitengenezea ni hivi. Tafuta mbao nyepesi ya mita 1.2 hivi, nunua taa mbili za tela zenye paki, breki na indiketa, au hata za bajaji maana ni volti 12 zile, Kariakoo na Ilala hazikosekani, walioko Nairobi waende Kirinyaga Road. Gari ndogo kama IST upana wake ni karibu mita 1.7, kwahiyo mbao ya 1.2 ukiiweka katikati taa zinakaa ndani ya sentimita 40 toka ukingo wa gari, na hiyo 40 ndo kipimo kinachotumika kimataifa kwenye taa za paki za nyuma. Urefu toka chini uwe kati ya sentimita 35 na mita 1.5. Usifanye mbao ikazidi upana wa gari, bodaboda atakayepita pembeni atakugongea bure. Baada ya taa jaza nafasi iliyobaki na stika za reflekta nyekundu, hizo hazihitaji umeme, siku kila kitu kimezima zenyewe bado zitarudisha mwanga.

Balbu au LED

LED, na sababu sio kung'aa. Balbu mbili za breki ni wati 42, hiyo ni ampia 3.5 unayoongeza juu ya taa za breki za gari ya mbele ambayo tayari ina zake tatu ukihesabu ile ya juu ya kioo. Jumla unakaribia ampia 9. Ukiikuta gari ambayo fyuzi ya breki ni ya 10 umeshafika pembeni ya shimo, na ikikata umepoteza taa za breki za gari zote mbili kwa pamoja. LED inakula kidogo sana, fyuzi haijui hata kama ipo. Na kwa kuwa unaiunganisha pamoja na balbu zilizopo, sio kubadilisha, indiketa haitaanza kupiga haraka haraka.

Soma pia volti. Fuso, Canter na malori makubwa ni 24, gari ndogo ni 12. Fuso likivuta Vitz na wewe umeunganisha taa za volti 12 zitawaka vizuri kweli kweli kwa muda mfupi alafu basi. LED nyingi za tela zinaandikwa volti 10 mpaka 30, chukua hizo, zinakula kote kote. Na LED ina chanya na hasi, ukigeuza waya haiwaki kabisa, usikimbilie kuirudisha dukani, geuza kwanza.

Rangi sasa. Nyuma ni nyekundu, indiketa ni njano ya chungwa. Nimewaona watu wanafunga tochi nyeupe nyuma ya gari bovu, tafadhali, mwanga mweupe usiku maana yake gari inakuja upande wako, unamfanya mwenzako akwepe kuelekea sipo. Na vimulimuli vya bluu na nyekundu waachie polisi na ambulansi. Ukitaka kimulimuli weka cha njano juu ya paa, kinasaidia sana kusema hapa kuna kitu kinaenda polepole.

Umeme utoke wapi

Gari yenye soketi ya pini saba ya volti 12 ni rahisi, rangi za waya zinajulikana: njano ni indiketa ya kushoto, kijani ni ya kulia, nyekundu breki, nyeusi paki ya kushoto, kahawia paki ya kulia, bluu taa ya ukungu, nyeupe ni athi, yaani waya wa kurudisha umeme. Hapo nimesema zinajulikana, sio kwamba kila fundi anazifuata, kuna soketi zimefungwa kwa waya wowote uliokuwepo siku hiyo. Pima na taa ya kupimia kabla hujaamini rangi.

Kama hakuna soketi, fungua kifuniko cha ndani ya buti nyuma ya taa, waya zote zipo pale. Mtu akanyage breki, we unatafuta na taa ya kupimia ni upi umewaka, aweke kushoto, aweke kulia, aweke paki, unaweka alama kila mmoja. Ukishaujua, ungia kwa kiunganishi cha kubana ambacho hakikati waya, sio kumenya kwa meno na kusokota. Kwenye gari za kijerumani za karibuni na zingine zenye kompyuta inayochunguza taa, usiguse, unaweza kuwasha makosa kwenye dashibodi ambayo hayana uhusiano na safari yako, hapo tumia zisizo na waya au betri ya pembeni.

Sasa athi. Hapa nikae kidogo, maana taa za muda zikisumbua mara nyingi ni athi ndo imesumbua. Watu wanaunganisha waya tano kwa umakini alafu athi wanaibana kwenye boliti yenye rangi na kutu. Umeme lazima urudi, ukikosa njia ya athi unatafuta njia nyingine kupitia balbu ya pembeni, ndo unaona vituko, unakanyaga breki indiketa inawaka hafifu, unaweka kulia taa zote zinapepesa pamoja. Ukiona hivyo usibadilishe balbu hata moja, nenda kwenye athi. Waya wake uwe mnene kuliko wengine, milimita za mraba 1.5 au 2.5 wakati wengine hata 1 inatosha kwa LED, uende mpaka kwenye taa zenyewe, na mwisho wake kwangua rangi mpaka uone chuma cheupe ndo ubane. Usitegemee chuma cha kuvutia kikurudishie umeme, kile kinacheza, kina grisi, kina kutu.

Kuibana isidondoke

Kanuni yangu kwenye kufunga ni njia mbili zisizotegemeana. Ya kwanza inashika taa, ya pili ipo kwa ajili ya siku ya kwanza itakapoachia, na ya pili isiwe waya wa umeme. Waya ukiwa ndo unaoshika ubao baada ya ubao kuanguka, unachokuwa nacho ni kitu kinachoburuzika kwenye lami nyuma yako.

Kwa gari yenye mlango wa nyuma mkubwa kama IST, Vitz au Noah, ubao uninginize toka juu kwa mikanda miwili inayoingia kwenye ukingo wa juu wa mlango, alafu chini uvute kwa mikanda mingine miwili mpaka kwenye ndoano ya kufungia iliyo chini ya bampa. Bila kuvuta chini ubao unapiga piga kwenye bodi, unakwangua rangi na mwanga unacheza juu chini. Usifunge kwenye waipa ya nyuma, mkono wake unavunjika kirahisi.

Kwa saluni yenye buti la kawaida, chukua mkanda, mwisho wake funga fundo kubwa au funga kijiti, fundo libaki ndani ya buti, fungia mfuniko juu yake. Mkanda unatokea kwenye ule mpira, fundo haliwezi kupita. Fanya kulia na kushoto, ubao unakaa juu ya bampa, chini unafunga kama ile ya kwanza. Ni njia nzuri kuliko zote nazozijua na haikwangui kitu.

Cha kufungia, mpira wa tyubu. Kweli kabisa, ile mipira ya kukata kwenye tyubu za zamani wanayofungia mizigo kwenye bodaboda inashinda kamba ya manila kwa kazi hii, inanyumbulika na gari ikirukaruka haiachii, wakati fundo la manila linalegea taratibu kwa mtikisiko. Kebo tai, vile vikanda vya plastiki vinavyojifunga, ni vizuri kwa kubana waya ila sio kwa kubeba ubao, vya bei poa vikikaa juani vinakatika ghafla. Tepu ya umeme nayo ni ya kuzuia umeme, gundi yake kwenye joto la mchana wa Chalinze inayeyuka, usiifanye kamba.

Hakikisha ubao unaangalia nyuma moja kwa moja, LED ukiiinamisha kidogo tu mtu wa mbali anaona nusu ya mwanga. Hakikisha haujageuzwa juu chini, maana ukiugeuza kulia inakuwa kushoto, na hili linatokea mara nyingi kuliko unavyofikiri hasa usiku kwa haraka. Na usifunike pleti namba, unajitafutia mazungumzo na trafiki bila sababu.

Njia ya waya

Waya upite juu au ndani, kamwe usipite chini ya gari. Chini kuna ekzosi ya moto, kuna matuta, kuna mawe. Mimi naupitisha hivi, toka soketi juu ya chuma cha kuvutia ukiwa umefungwa kila nusu mita, unapanda boneti la gari bovu upande wa kushoto, unaingia kwenye dirisha la abiria la mbele kupitia kona ya chini ya kioo, unapita ndani mpaka nyuma unatokea kwenye mpira wa buti sehemu ya chini mbali na loki. Ndani ya gari haukutani na upepo wala mvua. Usiupitishe mlangoni kwenye bawaba au kwenye loki, utakatwa. Pale kwenye maungio ya gari mbili acha mwanya, kona kali ya kuingia sheli chuma kinageuka na waya unataka urefu zaidi, ukaufunga tait utajichomoa. Mwanya uwe wa kutosha kukata kona lakini usiguse chini, na namna ya kujua ni kukata usukani mpaka mwisho kushoto na kulia ukiwa bado umesimama, mtu anaangalia.

Maungio yote ya waya yageuze yaangalie chini maji yasikae, na viringisha kipande cha tyubu. Zamani tulivalisha mfuko wa plastiki, toka Juni 2019 ya kubebea imepigwa marufuku, na tyubu ni bora hata hivyo.

Jaribu kabla hujaondoka

Mtu asimame mita ishirini nyuma, sio pale pale kwenye ubao. Paki, breki, kushoto, kulia, hazadi, moja moja. Alafu ile ambayo watu wanaruka, paki na breki na indiketa ya kulia vyote kwa wakati mmoja, athi mbovu inaonekana hapo, moja moja inaweza kukudanganya. Tikisa ubao kwa mkono wakati taa zinawaka, tikisa na plagi. Ikipepesa hata mara moja usiseme itakaa sawa mbele ya safari.

Kama ubao unafanya kazi zote, usitembee na hazadi. Najua hii itabishiwa, ila ukiwasha hazadi indiketa imekufa, ukitaka kuingia kulia hakuna atakayejua, na hapa tunaendesha kushoto, anayekupita anatokea kulia kwako huku na wewe unakatiza. Kimulimuli cha njano juu kinafanya ile kazi ya hazadi. Hazadi iwe ya pale ambapo huna kitu kingine, au umesimama. Taa kubwa za mbele za gari bovu zizimwe, zinampofua dereva wa mbele kwenye vioo.

Ukivuta kwa kamba ning'iniza kizibao cha reflekta au kitambaa chekundu katikati ya kamba, waenda kwa miguu na bodaboda wanaona mwanya kati ya gari mbili wanakatiza, hawajui kuna kamba. Na yale majani tunayotandaza barabarani gari ikiharibika ni ya gari iliyosimama, usijaze matawi nyuma ya gari inayotembea, yanafunika taa ulizohangaikia.

Ukiweza pata gari ya tatu ikae nyuma yenu, huyo ndo atakupigia simu kwamba kulia haiwaki. Kama hayupo, simama baada ya kilomita moja hivi uangalie mikanda, maana ndo mpira na kamba vinapojipanga, kisha kila baada ya matuta mengi mfululizo. Mvua ikianza simama tena ujaribu zote.

Mkifika gereji usichomoe kwa kuvuta waya, shika plagi. Kama uliungia kwenye waya za ndani ya buti bila soketi, kila ncha uliyoiacha ifunike moja moja kwa tepu, sio zote kwa pamoja, kwasababu ncha tupu ya waya wa breki ikigusa bodi kesho yake fyuzi inakata na gari nzima iliyokuvuta ndo inabaki haina taa za breki. Ubao uuhifadhi na waya wake umeuviringisha mviringo mpana, ukiukunja kunja kwenye kona unakatika ndani ya plastiki na utakuja kuutafuta usiku.